Nexti, Nexti, Finishi

Shangazi yangu alinipigia simu kutoka Homa Bay Jumapili moja ya Desemba mwaka jana, saa ambayo kwa kawaida huwa bado yuko kanisani. Hakunijulia hali. Alisema tu, "Nyathina, hii mashine yako inaniuliza namba nisiyoijua."

Nilidhani amesahau paswadi. Nikamkumbusha ile niliyomwekea. Akasema si hiyo. Kioo kimekuwa cha samawati, kina maandishi meupe ya Kiingereza, na kinataka tarakimu 48. "Arobaini na nane," akarudia, polepole, kama mtu anayesoma alama za mtoto aliyefeli. Alifundisha shule ya msingi miaka mingi kabla ya kustaafu, na sasa ni mweka hazina wa chama cha akina mama wanaouza omena kando ya ziwa. Hesabu zote za chama, nani amekopa, nani amelipa, nani anazungushwa na riba, zilikuwa ndani ya laptopu hiyo. Na Desemba ndio mwezi wa kugawana.

Kusema kweli mashine ni yake, aliinunua kwa pesa zake, ex-UK, Nairobi. Lakini hakukosea kuiita yangu. Mimi ndiye niliyeiwekea Windows mwezi wa Januari, kwenye saiba moja mjini Migori nilikojishikiza baada ya kuacha chuo. Kila swali ambalo mashine iliuliza siku hiyo nililijibu mimi, yeye akiwa ameketi kando yangu anakunywa soda.

Kazi yenyewe tunaiita "nexti, nexti, finishi". Ndivyo nilivyofundishwa na fundi aliyenichukua, mzee aliyeanza na redio kule Isebania kabla kompyuta hazijafika huku. Kwake yale maswali ya katikati yalikuwa kama hotuba za wageni wa heshima kwenye harambee: lazima yawepo, lakini hakuna mtu aliyekuja kwa ajili yake. Nilimcheka moyoni, mimi mtu wa chuo. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kila kitufe alichokuwa akibonyeza bila kusoma kilikuwa na historia, na mara nyingi historia hiyo ilikuwa upande wake.

Chukua Windows XP. Fayawo ilikuwamo tangu mwanzo, mwaka 2001, ila ilikuja ikiwa imezimwa na ilifichwa mahali ambapo mtu wa kawaida hangeipata. Agosti 2003 mnyoo ulioitwa Blaster ukapita duniani ukiingia kwenye mashine zilizounganishwa tu na mtandao, mwenyewe hata hajafungua kitu. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 2004, Microsoft wakatoa kile kifurushi kikubwa cha pili cha marekebisho ya XP. Fayawo ikawashwa. Na mwisho wa kuweka mfumo ukatokea ukurasa wenye swali: tukulinde kwa kusasisha mashine hii yenyewe, au si sasa?

Swali zuri. Ila limeandikwa na mtu ambaye intaneti yake haihesabiwi. Kifurushi hicho kizima kilikuwa na zaidi ya megabaiti 260. Kwa modemu ya laini ya simu, ile ya kilobiti 56 kwa sekunde, piga hesabu mwenyewe: ni zaidi ya saa kumi mfululizo, laini isikatike, stima isipotee, na mtoto asiinue simu mezani. Hakukuwa na mkongo wowote wa baharini uliofika pwani yetu wakati huo. SEACOM ulianza kazi Julai 2009, na hata baada ya hapo Migori si Mombasa. Intaneti ya saiba ilitoka angani kwa setilaiti au kwenye waya wa simu, na mteja alilipia kwa dakika. Ukiruhusu mashine sita zijisasishe zenyewe, umefunga biashara.

Kisha kulikuwa na jambo ambalo watu hawapendi kulisema kwa sauti: zile Windows hazikuwa halali. Sidi ilitoka River Road ikiwa imeandikwa kwa kalamu nene, na namba ya kuisajili imeandikwa palepale juu yake. Mwaka 2005 Microsoft walianza kukagua kama nakala yako ni halali kabla ya kukuruhusu kushusha vitu kwao. Hapa ndipo pananiuma kidogo kama mtu anayependa historia. Marekebisho ya usalama hawakuyafunga. Hata aliyekuwa na sidi ya River Road angeweza kuyapata, mradi tu awe amekubali masasisho ya moja kwa moja. Nilipomwambia mzee wangu hivyo, alinitazama kama mtoto aliyeambiwa simba amekuwa mchungaji.

Basi nikaenda kusoma zaidi ili nimshinde. Nikakuta yeye ndiye aliyenishinda. Mwaka 2006 ile programu ya kukusumbua kwamba nakala yako ni ya wizi iliingia kwenye mashine za watu kupitia mlango uleule wa masasisho. Mwaka 2008 ikaongezewa makali: kila baada ya saa moja picha ya mezani inageuka kuwa nyeusi tititi. Fikiria wewe ni mwenye saiba, una wateja sita, na vioo vinazimika rangi kimoja baada ya kingine kama maji yamekatwa mtaani. Utamwambia nani kwamba ni kwa ajili ya usalama wao? Dawa na mkaguzi wamepanda matatu moja, wewe ukifunga mlango unawafungia wote wawili.

Mafundi wakafunga mlango. "Si sasa" ikawa ndiyo jibu sahihi kuanzia Isebania hadi Mbita. Tarehe 23 Oktoba 2008 Microsoft wakatoa rekebisho moja la dharura. Mwezi uliofuata ukaja mnyoo unaoitwa Conficker, ukiingia kupitia tundu lilelile lililokuwa limezibwa tayari, na matoleo yake yaliyofuata yakajifunza kusafiri kwa flashi. Mamilioni ya kompyuta duniani ziliambukizwa. Mimi nilikuwa shule ya msingi. Ninachokumbuka ni kwamba flashi ya mtu mzima ilikuwa kitu cha kuogopwa kama kikohozi, na kwamba kila saiba ilikuwa na kijana mmoja aliyejulikana kwa "kutoa virusi", anayelipwa vizuri kuliko wenzake.

Windows 7, Oktoba 2009, ilikuja na swali ninalolipenda kuliko yote kwa jinsi linavyochanganya. Baada ya kuunganisha mtandao ilikuuliza: uko nyumbani, kazini, au mahali pa umma? Sasa wewe uko kwenye saiba. Kwa mwenye saiba hapo ni kazini. Kwa mteja ni mahali pa umma. Na kwa mzee wangu, ambaye miaka ile alikuwa akilala chumba cha nyuma kulinda mashine, hapo palikuwa nyumbani. Mashine haikuwa ikikuuliza unalala wapi, ilikuwa ikiuliza unawaamini vipi walio kwenye mtandao mmoja nawe. Ukisema nyumbani, inajionyesha kwa wenzake na iko tayari kushirikiana nao. Ukisema umma, inajifunika. Mafundi walichagua nyumbani, kwa sababu ukichagua umma printa ya pamoja haionekani, na saiba isiyochapisha ni kibanda cha kuangalia Facebook. Kwa hiyo mteja anayeandika barua ya kuomba kazi kwenye mashine ya tatu alikuwa, machoni pa kompyuta, ndugu wa tumbo moja na mtu asiyemjua kwenye mashine ya tano.

Na yote hayo kwa Kiingereza. Najua utasema Windows 7 ilikuwa na Kiswahili. Kweli, kulikuwa na kifurushi cha lugha, tena cha bure. Lakini kilikuwa kinawekwa juu ya Windows iliyokwisha kuwekwa. Maswali yanakuja kwanza, Kiswahili kinafika baadaye, watu wameshajibu na kuondoka.

Usifikiri mafundi hawakuwa na usalama wao. Walikuwa nao, na waliuweka palepale kwenye hatua za mwanzo, katika ule ukurasa ambao wengine huuruka. Walikata diski vipande viwili. C ya Windows, D ya mali yako. Windows ikiharibika, na ingeharibika, unafomati C na D haiguswi. Mzee wangu aliwaambia wateja wote maneno yaleyale: "Weka vitu vyako D, mama. C ni nyumba ya kupanga." Kwa miaka karibu ishirini hiyo ndiyo ilikuwa sera ya usalama ya kusini mwa Nyanza, haikuandikwa popote, na ilifanya kazi. Jibu baya kwa swali lolote lingeweza kufutwa kwa mia tano na alasiri moja.

Windows 10 ilipokuja Julai 2015, swali likabadilika sura. Sasa kulikuwa na kitufe kikubwa cha kukubali mipangilio ya haraka, na maandishi madogo pembeni kwa anayetaka kuchagua mwenyewe. Nyuma ya kile kitufe kikubwa vilifungwa pamoja vitu ambavyo havihusiani: kinga dhidi ya tovuti mbaya, kutuma mahali ulipo, kuwapa wenye matangazo namba ya kukutambua, hata kujiunga yenyewe na Wi-Fi ambazo watu unaowasiliana nao wamegawana. Mlinzi na mpelelezi kwenye sare moja. Wafaransa walilalamika rasmi Julai 2016, na mwaka 2017 ukurasa huo ukapanguliwa, kila kitu kikapewa swichi yake. Sisi wakati huo hatukuwa hata na sheria ya kulalamikia. Yetu ya ulinzi wa data ilitiwa saini Novemba 2019.

Kusasisha nako kukaacha kuwa swali kwa wenye toleo la kawaida. Inajisasisha, mpende msipende. Bando ya mtu inamezwa usiku, asubuhi anakuja saibani kushtaki. Mafundi wakagundua ujanja wa kuidanganya mashine kwamba kila Wi-Fi inalipiwa kwa kipimo, ingawa kwa huku huo si uongo kabisa. Mei 2017 WannaCry ikazunguka dunia, ikafunga hospitali Uingereza, na rekebisho lake lilikuwa limetoka tangu Machi. Hadithi ileile ya Conficker, miaka karibu tisa baadaye.

Mimi naye swali la usalama nililijibu vizuri mara moja tu. Chuoni mwaka 2018 niliweka Ubuntu, na ilipouliza kama nataka folda yangu ya nyumbani isimbwe, yaani igeuzwe mafumbo kwa yeyote asiye na paswadi, nikatia alama. Baada ya kuingia ikaniambia waziwazi: hapa kuna neno la siri la dharura, liandike, liweke mahali. Nikaliandika. Sikuwahi kulihitaji, na baadaye niliacha chuo kwa sababu nyingine kabisa. Lakini niliulizwa, nikaambiwa gharama yake, nikaamua. Nadhani ndiyo maana niliendelea kuamini kwamba jambo kubwa kama hilo haliwezi kufanyika bila mtu kuulizwa.

Sasa turudi kwa laptopu ya Waya, maana ndivyo ninavyomwita, ni dada ya baba. Windows 11 ilitoka Oktoba 2021 ikidai mashine iwe na kichipu cha kutunza siri, TPM, na iliendelea kukaza kamba hadi ikawa vigumu kumaliza kuiweka bila akaunti ya Microsoft. Katika toleo la Oktoba 2024 masharti ya kusimba diski yakalegezwa, mashine nyingi zaidi zikaingia. Ukiiweka upya na kuingia kwa akaunti, diski inasimbwa yenyewe, kimyakimya. Ufunguo unakaa kwenye kichipu, na nakala ya dharura, tarakimu 48, inatumwa kwenye akaunti. C inasimbwa na D inasimbwa. Hakuna ukurasa wa kukuuliza. Miaka ishirini ya maswali tusiyoyaelewa, halafu lile lililokuwa na uzito kuliko yote halikuulizwa.

Siwezi kusema ni jambo baya. Laptopu ikiibwa kwenye matatu pale Rongo, mwizi anapata chuma tu. Shida ni kwamba akaunti ilihitaji mwenyewe, na mwenyewe alikuwa anakunywa soda. Nikamfungulia mimi, kama nilivyowafungulia wengine wengi. Barua pepe nikaibuni, paswadi nikaiandika kwenye daftari langu la kazi, na ilipodai namba ya simu nikaweka yangu, laini ya biashara, kwa sababu simu yake ilikuwa imeisha chaji. Dakika moja. Nexti.

Februari nikaibiwa simu. Nilikuwa na laini nyingine, ile ya biashara sikuirudisha. Novemba stima ikarudi kwa kishindo Homa Bay, mazabodi ya Waya ikaungua, fundi wa huko akaibadilisha vizuri kabisa. Kichipu chenye ufunguo kikaondoka na bodi ya zamani. Mashine ikawaka, ikaona haimjui mtu, ikaomba tarakimu 48.

Nilifungua akaunti kwa ile paswadi ya daftarini. Ikakubali. Halafu, kabla ya kunionyesha ufunguo, ikasema itatuma namba ya uthibitisho kwa simu inayoishia na tarakimu mbili nilizozitambua mara moja.

Nikapiga ile laini. Ilikuwa imeshagawiwa mtu mwingine. Akapokea mwanamume mwenye sauti ya usingizi. Nikajieleza kwa adabu zote: kaka, samahani, sasa hivi utaingia ujumbe wenye namba, naomba unisomee. Kimya. Kisha akaniuliza niko jela gani, na chakula cha huko kikoje. Akakata.

Nilikasirika kwa dakika kama tano. Kisha nikacheka peke yangu kwenye veranda ya saiba. Yule bwana hakukosea hata kidogo. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007 Wakenya wamefundishwa jambo moja, kwa matangazo na kwa machozi ya majirani: namba ya siri ni yako, usimsomee mtu. Mama wa omena ambaye hajawahi kugusa kompyuta analijua hilo. Swali lilikuwa moja, kwa Kiswahili ukitaka, na kila mtu alijua kinachopotea ukijibu vibaya. Na hata hapo, sema ukweli, wewe unajua PIN ya nyanyako.

Njia iliyobaki ilikuwa kuiambia akaunti kwamba namba ile si yangu tena na kuweka mpya. Hilo linawezekana, ila unasubiri siku 30. Kugawana kwa chama kulikuwa baada ya siku tisa.

Nilienda Homa Bay. Tulikaa siku mbili sebuleni kwa Waya, akina mama wakija kwa zamu na simu zao. Kila mmoja alisoma ujumbe wake wa M-Pesa kuanzia Januari, mimi nikiandika kwenye karatasi, Waya akisahihisha kwa kumbukumbu. Wengine walikuwa wamefuta ujumbe ili simu ipate nafasi. Mama mmoja alisema amelipa 3,200 mkononi mwezi wa Julai, siku ya mazishi ya jirani, na hakuna ujumbe kwa sababu zilikuwa noti. Hakuna aliyekumbuka. Waya naye hakukumbuka, na niliona jinsi ilivyomuuma kusema hivyo mbele ya watu. Wakapiga kura. Akakatwa. Alikunja leso yake akatoka bila kuaga, na kwa mama wa umri ule kutoka bila kuaga si jambo dogo.

Niliporudi Migori nilikaa na daftari langu. Lina watu sitini na mmoja, majina, barua pepe nilizobuni, paswadi, na namba yangu iliyopotea. Sitini na mmoja ambao mashine zao zinanijua mimi kuliko zinavyowajua wao. Nimeanza kuwapigia. Wengine wananiuliza nataka pesa ngapi. Wengine mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Mzee wangu aliniona nikipiga simu ya kumi na kitu, akaniuliza ninachofanya, nikamweleza kuhusu D. Alinyamaza muda mrefu. "Hata D?" akauliza.

Januari siku ya 30 ilifika, ufunguo ukaonekana. Nilimsomea Waya kwenye simu tarakimu sita sita, na yeye akizirudia. Faili ikafunguka. Alikaa nayo jioni nzima na karatasi zetu pembeni, akilinganisha mstari kwa mstari. Saa tatu usiku akanipigia. Julai, tarehe ya mazishi, 3,200, pesa taslimu, ameandika mwenyewe.

Nilimtumia yule mama pesa hizo usiku huohuo kutoka mfukoni mwangu, pamoja na ya kutolea. Hakupiga simu. Waya aliniambia kwamba Jumapili iliyofuata alikuja kwenye mkutano, akaketi mahali pake, na alipoulizwa kama daftari jipya liwekwe kwenye kompyuta au kitabuni, alisema kitabuni.